Kucha ya Mama-Mukwe

Kama unataka kumujua Chadrack, usimuulize yeye mwenyewe. Atakudanganya. Atakuambia eti alisoma mekanike ku Lubumbashi, eti muzungu moja wa mine alilia siku aliondoka, eti mashini ikisikia tu sauti yake inapona yenyewe. Uongo mutupu. Miye nilimuona siku ile tulivuka ziwa kutoka kwetu Pweto, tumejazana mu boti moja kama chisense, bile bisamaki bidogo bya kukauka, mu gunia, risasi zinalia nyuma yetu. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Kijana munene, mabega kama mulango, amefunga macho, anakula makucha yake moja-moja mupaka damu inatoka. Tangu siku ile hayajaota tena vizuri, juu kila yakianza kuota anayakula. Na tangu siku ile hajapanda tena boti. Yeye, fundi wa mashini ya boti, hapa Kashikishi, fasi ambapo hata mbuzi wanapanda boti.

Miye njo Claire, mama Gloire. Niko napika bitumbua na chai ku bandari, na kibanda cha Chadrack kinapakana na moto wangu. Miaka yote hii miye navuta moshi ya mazuti yake, yeye anakula bitumbua byangu, kwa hiyo usiniambie eti simujue.

Ku kambi ya wakimbizi ya Mantapala walimupa jembe kama shiye bote. Alipanda mihogo mistari imepinda, mupaka agronome, bwana-shamba wa kambi, akauliza kama huyu mutu anakunywa asubuhi. Halafu mashini ya kusaga unga ya kambi ikakufa. Chadrack hakuomba ruhusa kwa mutu. Aliifungua, akaitandaza juu ya gunia, akaipanga tena, na boloni moja, chuma ya kukazia, ikabakia mu mukono. Batu wakamuuliza, ile ni ya wapi? Akasema ni ya fabrika, walisahau kuitoa. Mashini inasaga mupaka leo. Boloni anaivaa mu shingo na kamba, kama Bakatolika banavaa musalaba. Pasta wetu alimukataza. Chadrack akamujibu kwamba ile boloni imelisha batu mingi kuliko mahubiri yake, na njo vile alifukuzwa mu korali. Korali haikupoteza kitu, juu alikuwa anaimba kama mashini isiyo na silansie ya kupunguza kelele.

Bon. Halafu akapenda, na hapo njo matata ilianza. Alipenda Memory, mutoto wa mama Eness, akamuoa.

Mama Eness ni mujane, Mubemba wa hapa-hapa, wilaya ya Nchelenge, mwanamuke mwenye akipita ku soko batu wanapanga samaki zao vizuri bila kuambiwa. Eko na boti kubwa ya mbao yenye mashini ya mazuti ndani. Anaenda nayo ku Kilwa, kisiwa cha ziwa letu, kununua samaki, yeye mwenyewe, amekaa mbele, kitambaa ku kichwa. Bwana yake, Kasonde, alifanyaka kazi ku mine ya Mufulira, akarudi na ile mashini, akakufa na kuiacha. Na mama Eness eko na makucha. Marefu, mekundu, magumu. Batu wanasema anaweza kuparuza magamba ya samaki bila kisu. Miye sikuona, lakini siwezi kubisha.

Sasa, hapa kwa Babemba mukwe na mama-mukwe hawaonane. Hata kwetu tuko na haya na bakwe, lakini hapa sheria iko na meno. Mukwe akitokea mu njia, mama anaingia mu majani. Mama akiingia ku duka, mukwe anatafuta mulango wa nyuma. Hawasemezane, hawakule pamoja, hawaangaliane, mupaka siku familia ya bibi itapika, itamuita, na kumuingisha mu nyumba. Akishaingishwa, ni mutoto wa nyumba. Mbele ya hapo ni mutu wa inje tu, mwenye analala na mutoto wa wenyewe.

Bengine baliingishwa kisha mwaka moja tu. Chadrack, miaka ilikuwa inapita na mama Eness hatie hata sufuria ku moto. Siku moja nilimuuliza mama Eness sababu, juu miye niko na mudomo. Akaniambia kwamba mutu mwenye alikimbia mara moja anajua njia ya kukimbia, na yeye hawezi kumufungulia mulango mutu mwenye kesho atatokea ku dirisha. Nikamuambia, mama, shiye bote tulikimbia. Akasema anajua, lakini shiye bote hatukuoa mutoto wake.

Chadrack alikuwa anafanya muzaha na ile maneno. Alisema ni bahati, bengine wanalipa wachawi ili wasionane na bamama-mukwe. Lakini ilimuuma. Nasema wazi, ilimuuma sana. Mutu hana baba, hana mama, hana hata kaburi moja ya kuonyesha mu inchi hii. Anataka tu nyumba moja yenye ataingia bila kukohoa ku mulango.

Mwaka uliopita, mbele kidogo ziwa lifungwe, boti ya mama Eness ikarudi kutoka Kilwa mashini inagonga. Ko, ko, ko, ndani ya tumbo. Unajua hapa ziwa linafungwa Desemba, hakuna kuloba mupaka Machi, samaki wazae. Ni wakati wa kushona nyavu na kufungua mashini. Na ni wakati wa Goodson kutoka Mununga.

Goodson ni ndugu mudogo wa marehemu Kasonde. Mutu wa sauti laini, kijiti cha kiberiti mu meno kila saa, anasalimia mupaka mbwa. Alikuya na bazee ba ukoo, wakakaa, wakasema mwanamuke mujane na mashini inayogonga ni hasara ya familia yote. Wakakata shauri hivi: kama siku ziwa litafunguliwa boti haitembee, Goodson ataichukua ku Mununga na kuitunza. Kuitunza! Kama fisi anavyotunza mbuzi. Mama Eness akasema sawa, mukwe wangu ni fundi, ataitengeneza. Hakusema vile juu anamuamini. Alisema vile juu hakuwa na mutu mwingine.

Chadrack aliposikia kwamba mama-mukwe alitamka neno "mukwe" mbele ya batu, alitembea bandari yote na kifua mbele. Akaifungua ile mashini siku ile-ile.

Nitakueleza kidogo, juu nilielezwa mupaka masikio ikaota magamba. Ndani ya mashini kuko shafti, chuma yenye inazunguka. Mukono wa pistoni unaikamata, na kati yao kuko bisahani bibili byembamba, nusu na nusu, bya chuma laini. Chadrack anabiita kusine. Mafuta ikipita pale, kila kitu inateleza. Muchanga ikipita, inakwaruza. Na muchanga ilipita, juu watumishi wa boti walikuwa wanaziba galoni ya mafuta na kipande cha gunia la chisense. Chisense tunaianika wapi? Ku muchanga. Batu wa ziwa njo hivi: maji tunaiogopa mu mashini, muchanga hatuione hata, tumezoea kuila na ugali.

Kukwaruzwa kwenyewe hakukuwa kubaya. Hakukuwa kwa kupeleka shafti ku Kitwe ikachongwe. Ilikuwa ya kulainisha tu, na sheria yake ni hii: unapitisha kucha juu ya chuma. Kucha ikikwama, bado. Kucha ikipita bila kusikia kitu, imeisha. Hakuna kipimo kingine ku Kashikishi, na Chadrack anasema hata ku Ulaya njo vile, lakini ule ni Chadrack.

Tatizo, Chadrack hana kucha. Siku zote alikuwa anatumia kucha za Memory. Anamuita, Memory anakuya na gauni yake safi, anapitisha kidole, anasema "inakwama" au "haikwame", anarudi kuuzisha yuniti za simu. Lakini Memory alikuwa na tumbo la mwezi wa mwisho, amekwenda kungojea kuzaa ku lopitali pamoja na bamama wengine. Chadrack akaangalia kucha zangu. Nikamuonyesha: mafuta ya bitumbua imezimaliza zamani. Basi, alipomaliza kulainisha, akapitisha nyama ya kidole, akasema ni laini kama shavu ya mutoto. Mutu mwenye hana kucha kila kitu ni laini.

Na kulainisha ni kazi ya batu babili. Unakata musasa, ile karatasi ya kukwangulia, mwembamba kama utepe. Unaupaka mafuta, unauzungusha ku shafti, juu yake unazungusha kamba. Moja anavuta huku, mwingine anavuta kule, pole-pole, nguvu sawasawa, na shafti inageuzwa kidogo-kidogo ili chuma isiliwe upande moja. Aliniomba. Nilivuta. Akaniambia navuta kama mutu wa kufunga punda. Nikamuambia aende kuoa kamba yake, nikarudi ku bitumbua. Bengine walikuwa na nyavu zao, na bengine walikuwa wanafunga na kuomba ili ziwa likifunguliwa samaki wajilete.

Unajua alifanya nini? Alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akaupigilia ku nguzo ya kibanda, akafunga kamba pale. Yeye anavuta huku, mpira unarudisha kule. Alijisifu mupaka jioni. Alisema amegundua bibi mwenye hachoke na hajibu. Nikamuambia nitamuelezea Memory, akarudi haraka ku kamba yake.

Akafunga mashini, akaiwasha pale-pale chini mbele ya batu. Goodson alikuwa amesimama, kijiti mu meno. Mashini ikakohoa, ikashika, ikazunguka vizuri. Chadrack akainua mikono kama pasta. Halafu, ko. Ko, ko, ko. Ilikuwa mbaya kuliko mbele. Akaizima haraka, akasema ni mazuti, mazuti ya siku hizi iko na maji. Goodson alitabasamu tu, akaenda kununua bitumbua kwangu, na miye nilimupa bile bya chini byenye biliungua.

Ile siku Chadrack hakukula. Alikaa juu ya galoni, anatafuta kucha ya kukula, hakuna.

Asubuhi mama Eness akaniita kwake. Akanipa kiti, alama mbaya. Akaniuliza, yule mutu alivuta na nani? Nikasema na mpira. Akacheka, halafu kucheka kukaisha. Akasema mpira unavuta upande moja nguvu, upande mwingine unafuata tu, kwa hiyo chuma inaliwa upande. Mpira hauchoke lakini hausikie. Nikamuuliza alijuaje. Akaingia mu chumba, akatoka na kamba mbili za kiatu zimeungwa moja, ndefu, nyeusi, za bile biatu binene bya batu ba mine. Zimekuwa ngumu na mafuta ya zamani. Akaniambia kila Januari, miaka yote ya ndoa yake, mvua ikinyesha na ziwa limefungwa, Kasonde alikuwa anavuta huku na yeye anavuta kule. Tangu alikufa, hakuna mutu alilainisha ile shafti. Watu walikuwa wanabadilisha mafuta tu na kupiga mashini teke.

Akasema, kidole moja hakivunje chawa. Tunasema vile kwetu ng'ambo pia, kumbe chawa ni moja huku na kule. Halafu akafunga kitambaa, akachukua kitenge, akasema twende.

Ilikuwa kitenge cha jubile ya kanisa, kiko na sura ya askofu moja munene anabariki batu. Tulikitundika mu kibanda juu ya kamba ya nguo, katikati kabisa. Shafti tuliilaza chini juu ya mbao mbili, nusu upande wa mukwe, nusu upande wa mama-mukwe, na askofu juu yake. Chadrack alikuwa upande wake amekaa wima kama mutoto wa komunyo ya kwanza. Nilikuwa sijawahi kumuona vile. Hata boloni aliificha ndani ya shati.

Wakaanza. Mungu wangu. Chadrack alivuta, mama akavutwa karibu ateremke ku kiti. Mama akarudisha, Chadrack akagonga pua mu askofu. Miye nilikuwa katikati, mutume wa mataifa. Mama anasema, muambie asivute kama anang'oa muhogo. Chadrack anasema, muambie mama kamba yake imelegea. Mama anasema, muambie kamba hii ilikuwa inalainisha chuma mbele hajaota meno. Nikasema jamani, miye niko na mafuta ku moto, na bote muko na masikio. Wakavuta tu. Haya ni haya.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Walirudi kesho yake, na kesho yake tena. Pole-pole nikaanza kukosa kazi. Kamba ikienda huku, inarudi kule, askofu anatikisa tumbo kidogo tu, shafti inageuzwa, musasa mupya, mafuta. Chadrack akiwa na hasira, mama anasikia mu kamba, anashikilia kidogo, hasira inapita. Mama akichoka, Chadrack anapunguza bila kuambiwa. Nilikuwa nakaanga bitumbua, nawasikia: swii, swaa, swii, swaa. Hakuna mutu aliniambia niambie mutu kitu. Nilisikia hata wivu, miye mwenye bwana yangu tulikaa naye miaka bila kuvuta upande moja hata mara moja.

Siku ya kupima ikafika. Mukono wa mama Eness ukatoka chini ya kitenge, na zile kucha nyekundu. Chadrack akageuza uso, akaangalia mabati, juu sheria ni sheria. Kucha ikapita juu ya chuma. Krr. Ikakwama kidogo tu, fasi moja. Mukono ukarudi ndani, ukashika kamba. Wakavuta tena mupaka mvua ikaacha.

Halafu mukono ukatoka tena. Kucha ikapita. Akazungusha shafti, ikapita. Akarudisha nyuma, ikapita. Sikusikia kitu. Nilikuwa nimesimama na mwiko, mafuta yanadondoka ku muguu yangu, na sikusikia hata kuungua.

"Haikwame," mama Eness akasema. Nikafungua mudomo nimuambie Chadrack. Lakini hakuwa anasema na miye. "Mukwe, haikwame."

Chadrack, mwenye anasemezaka hata boloni, aliitikia na kichwa tu, anaangalia mabati.

Habari ikafika kwa badada ya mama Eness kwamba alimusemeza mukwe mwenye hajaingishwa. Walikuya kumugombeza mupaka kikombe cha chai kikapoa. Alinywa chai ya baridi, akawaambia wafunge mulango wakitoka.

Ikabakia bisahani, bile kusine. Bipya bya ile mashini habipatikane tena hata Mansa. Chadrack alikuya kukwangua masizi chini ya sufuria yangu bila kuomba, akachanganya na mafuta, akapaka kidogo tu juu ya shafti. Akafunga bisahani juu yake, akazungusha na mukono, akafungua. Pale masizi ilishika, chuma inagusa sana, anakwangua kidogo na kisu, kama unatoa ngozi ya maziwa. Anapaka tena. Mupaka masizi ikashika sawasawa kila fasi. Halafu akaosha yote na mazuti, akapuliza matundu ya mafuta, akaosha tena. Galoni ya mafuta aliiziba na kifuniko cha kweli. Sufuria yangu haijawahi kuwa safi vile.

Memory akazaa mutoto musichana. Mama Eness alipomuona mara ya kwanza akapitisha kucha ku shavu yake, kama ku shafti, na akacheka peke yake. Memory aliniuliza mama yake eko na nini.

Ziwa likafunguliwa. Asubuhi ile Kashikishi yote iko ku maji, boti zinasukumwa, batu wanaitana, mashini zinalia kila upande. Ya mama Eness ilikuwa ndani ya boti yake tayari. Chadrack aliisimamia kutoka inje, maji mu magoti, akazungusha manivela, ile chuma ya kuwashia. Ikashika. Tukangoja. Ikazunguka, ikazunguka, sauti moja tu, ya kushiba. Hakuna ko. Nikasema asante Mungu, na asante mpira kwa kushindwa.

Halafu Goodson akatoa kijiti mu meno. Akafurahi, akapongeza, akasema vizuri sana. Akasema sasa boti inataka mutu wa mashini ndani, juu mashini imefunguliwa juzi, haiwezi kwenda Kilwa bila fundi. Na mukwe hajaingishwa. Mukwe na mama-mukwe mu boti moja, goti kwa goti, safari yote? Bazee wakatikisa kichwa, ile ni mwiko kweli. Kwa hiyo yeye Goodson atashika mashini, kwa sasa. Akaongeza na ile sauti yake laini, "Na kwanza kijana anaogopa maji. Bote tunajua."

Tulijua. Chadrack aliangalia maji mu magoti yake. Nilitaka kumupiga Goodson na mwiko. Kama Goodson angeshika ile mashini siku moja, "kwa sasa" yake ingefika mupaka Mununga.

Mama Eness alikuwa amesimama mbali kidogo, mugongo kwa mukwe, vile sheria inataka. Akaniita. "Mama Gloire, leta bitumbua na chai. Na maji ya kunawa."

Akakaa chini ku muchanga, katikati ya samaki na nyavu na batu. Akageuka, akamuangalia mukwe wake mu uso, mara ya kwanza, akamuonyesha fasi mbele yake. Badada zake wakapiga kelele. Kuku iko wapi? Nyama iko wapi? Mukwe haingishwe na bitumbua bya soko! (Bya soko! Nilisikia, na sijasahau.)

"Kuku itaingia kesho," akasema mama Eness. "Leo mukwe njo anaingia."

Bazee wakaangaliana. Hakuna mutu alipata sheria yenye inakataza. Chadrack akatoka mu maji, akapiga magoti. Nikamimina maji, mama akashika mikono yake na sabuni ya unga, akaiosha yeye mwenyewe. Ile mafuta nyeusi haitokake hata na dua, lakini alisugua. Kidole kwa kidole. Na pale njo aliona. Akarudia kidole cha kwanza, akaangalia cha pili, mupaka cha mwisho.

"Uliyapeleka wapi?"

Nilifikiri atadanganya. Alikuwa na uongo wa kila kitu, angeshindwa uongo wa makucha?

"Niliyakula mu hili ziwa, mama," Chadrack akasema. "Siku tulivuka."

Mama Eness akachukua kitumbua, akakitia mu ile mikono bado inadondoka maji.

"Basi sasa kula kitu ingine."

Akakula. Alikula bine, bitano, analia na anatafuna, sukari mu ndevu, sura mbaya kabisa. Miye nililia pia, na nisikudanganye eti ni moshi. Goodson alirudisha kijiti mu meno, akaanza kuuliza batu basi ya Mununga inaondoka saa ngapi.

Kupanda njo ilibakia. Nilishika ubavu wa boti ili isitikisike. Mama Eness akapanda, akakaa, lakini si mbele, fasi yake ya siku zote. Alikaa nyuma, karibu na mashini. Chadrack akatia muguu moja ndani, mwingine ukabakia mu muchanga, hautoke. Mama Eness akafungua kitambaa cha kiunoni, akatoa ile kamba ya kiatu ya Kasonde, akajizungushia mwisho moja ku mukono. Mwisho mwingine akamupa.

Akamuambia pole-pole, "Ukiogopa, vuta. Nitasikia."

Muguu ukatoka mu muchanga. Wakaondoka. Niliangalia mupaka macho ikauma, boti inapita nyingine, sauti moja ya kushiba, na kati ya bale babili ile kamba nyeusi inaenda huku, inarudi kule.

Kesho yake mama Eness akaniambia mukwe wake alitapika bitumbua byangu byote mu maji mbele ya kufika Kilwa. Lakini kamba hakuiachia.